Mnyoo wa milimita moja na utafiti wa saratani: mwongozo kwa anayeanza

Swali la kwanza huwa lile lile: mnyoo anaugua saratani? Haugui. Caenorhabditis elegans aliyekomaa ana seli 959 za mwili, na hizo hazigawanyiki tena mpaka siku anayokufa. Hana mapafu, hana titi, hana damu. Sasa tunamfuatia nini?

Tunafuatia jeni. Nyingi kati ya zile zinazoharibika katika saratani za binadamu naye anazo, na kwake zinafanya kazi ile ile ya kuiambia seli igawanyike, itulie au ife. RAS, jeni inayopitisha ishara ya kukua na kugawanyika, kwake inaitwa let-60. PTEN ni daf-18, p53 ni cep-1, BCL-2 ni ced-9. Undugu huu si wa majina tu: mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba BCL-2 ya binadamu ikiwekwa ndani ya mnyoo inazuia seli zake kufa. Na kwa mnyoo jeni moja ikivurugika, matokeo unayaona kwa hadubini ya kawaida ndani ya siku tatu, tena unaweza kuyahesabu. Kuhesabu ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote humu ni maandalizi ya kuhesabu.

Nitakupitisha kwenye jaribio moja tu, kwa sababu anayeanza na matatu kwa mpigo hamalizi hata moja. Tutachukua minyoo ambao RAS yao haizimiki, tuzime jeni nyingine au tuwape dawa, kisha tuone kama ile kelele ya RAS inapungua.

Nadharia kidogo, halafu tuendelee. Chini ya tumbo la lava, yaani mnyoo mchanga, kuna seli sita zilizojipanga mstari, zinazoitwa P3.p hadi P8.p. Kwa mnyoo wa kawaida tatu kati yake hupokea ishara kupitia let-60 na kujenga vulva, yaani tundu la kutagia mayai. Katika ukoo wa let-60(n1046), protini ya RAS imebadilika kwenye asidi amino ya 13, sehemu ile ile inayobadilika katika baadhi ya saratani za watu. Ishara haizimiki. Seli ambazo zingetulia nazo zinajenga, na mnyoo anatokea na vinundu vya ziada tumboni. Hali hiyo inaitwa Muv. Vinundu hivyo si saratani. Ni kipimo cha nguvu ya ishara ya RAS, na ukilisahau hilo utaandika hitimisho ambalo data yako haiwezi kulibeba.

Uwe na nini kabla hujaanza

Minyoo: ukoo wa kawaida N2 na ukoo MT2124 wenye let-60(n1046). Vyote huagizwa kutoka Caenorhabditis Genetics Center, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Hufika wakiwa hai kwenye sahani ndogo, mara nyingi wakiwa na njaa ya safari. Usishtuke.

Bakteria: Escherichia coli OP50 kama chakula cha kila siku, na HT115 iliyobeba plasmidi (pete ndogo ya DNA) ya L4440 kwa ajili ya RNAi, yaani njia ya kunyamazisha jeni. Utahitaji HT115 yenye L4440 tupu, yenye kipande cha jeni unayoitafiti, yenye mpk-1 au lin-45, na yenye unc-22.

Vifaa: hadubini ya stereo yenye mwanga wa chini, inkubeta inayoweza kushuka hadi nyuzi 15 za Selsiasi, otoklevu, sentrifuji, kichomea, sahani za petri za sentimita 6, pipeti, na waya wa platinamu uliopachikwa kwenye kishikio cha kioo. Ncha ya waya ipondwe iwe bapa kama koleo dogo. Wapo wanaotumia unywele wa kope uliogundishwa kwenye kijiti, na kwa kuhamisha mayai na lava wadogo unawazidi wenye platinamu.

Kemikali za sahani za NGM, agari ya kukuzia minyoo, kwa lita moja: chumvi ya kawaida gramu 3, agari gramu 17, peptoni gramu 2.5, maji mililita 975. Baada ya otoklevu: mililita 1 ya kolesteroli (miligramu 5 kwa mililita, ndani ya ethanoli), mililita 1 ya kloridi ya kalsiamu ya molari 1, mililita 1 ya salfeti ya magnesiamu ya molari 1, na mililita 25 za fosfeti ya potasiamu ya molari 1 yenye pH 6.0.

Kimiminika cha M9, cha kuoshea minyoo na mayai, kwa lita moja: KH₂PO₄ gramu 3, Na₂HPO₄ gramu 6, chumvi ya kawaida gramu 5, na mililita 1 ya salfeti ya magnesiamu ya molari 1 baada ya otoklevu.

Nyingine: dawa ya kupaushia yenye hipokloriti ya sodiamu, hidroksidi ya sodiamu ya normali 5, IPTG (ya kuwasha utengenezaji wa RNA ndani ya HT115), antibiotiki za kabenisilini na ampisilini, DMSO (ya kuyeyushia dawa), gliseroli, agarosi na levamisoli.

Mnyoo huyu si kimelea. Anaishi kwenye matunda na majani yanayooza, hawezi kukuambukiza. Dawa za saratani utakazompa ndizo hatari kwako: nyingi zinaharibu DNA ya binadamu kama zinavyoharibu ya mnyoo. Vaa glavu, pima unga wake mahali penye kifyonza hewa, na taka zake usizichanganye na taka za kawaida.

Hatua kwa hatua

1. Mimina sahani. Baada ya otoklevu acha NGM ipoe hadi nyuzi 55, ndipo uongeze vitu vya mwisho kimoja kimoja huku ukikoroga. Ukimwaga kalsiamu na fosfeti kwa pamoja bila kukoroga, mchanganyiko unageuka maziwa na utakuwa na chembechembe kwenye kila sahani. Mililita 10 kwa sahani zinatosha. Ziache mezani siku mbili zikauke. Sahani yenye maji juu huwafanya minyoo waogelee hadi ukutani, wapande, wakaukie huko. Kabla ya kuziweka akiba, tupa zote zenye mapovu au mikwaruzo: mnyoo akipata ufa huzama ndani ya agari, na aliyezama humhesabu.

2. Panda chakula. Dondosha mikrolita 50 hadi 100 za OP50 katikati ya sahani, usiguse kingo. Iache usiku kucha. Hapa ndipo wengi huanza kuharaka, wanaweka minyoo kwenye tone ambalo bado ni bichi.

3. Jifunze kuhamisha mnyoo. Choma waya mpaka uwe mwekundu, hesabu hadi tano upoe, gusa bakteria kidogo ili ncha iwe na utomvu, kisha mguse mnyoo mgongoni. Atanata. Mshushe kwenye sahani mpya na umwache atambae mwenyewe, usimkwangue. Mazoezi ya siku mbili tatu yanatosha, na utaua wengi kabla ya kuzoea. Kila mmoja wetu ameua.

4. Wanenepeshe kabla ya jaribio. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote. Minyoo waliofika na njaa, au uliowasahau mpaka bakteria wakaisha, wasiingie kwenye jaribio. Njaa inachelewesha ukuaji, inawageuza lava wengine kuwa daua, yaani lava wa kustahimili shida, na athari zake zinaweza kuonekana hata kwa watoto wao. Wakuze kwenye nyuzi 20 kwa vizazi viwili vya shibe. Huntha mmoja, yaani mnyoo mwenye jinsia zote mbili, hujirutubisha mwenyewe na kutaga mayai takribani 300, kwa hiyo hamisha wawili watatu tu kwa kila sahani mpya. Ukiweka kumi, siku ya nne hakuna chakula.

5. Gandisha akiba. Fanya hivi sasa. Chukua lava wa L1 na L2 (lava hupita hatua nne, L1 hadi L4) kutoka sahani iliyoishiwa chakula hivi karibuni, wachanganye na gliseroli ifike asilimia 15, washushe taratibu, takribani nyuzi moja kwa dakika, hadi nyuzi 80 chini ya sifuri. Kesho yake yeyusha chupa moja uone kama wanaamka. Chupa isiyojaribiwa usiihesabu kama akiba. Sababu utaiona kule mwisho.

6. Andaa sahani za RNAi. Mnyoo akila bakteria wanaotengeneza RNA ya nyuzi mbili inayofanana na jeni yake, jeni hiyo hunyamaza. Andrew Fire na Craig Mello walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006 kwa kuugundua unyamazishaji huu. Tumia NGM ile ile, ongeza IPTG ifike milimolari 1 na kabenisilini mikrogramu 25 kwa mililita, na uzihifadhi sahani gizani. Otesha HT115 usiku mmoja kwenye mchuzi wenye ampisilini, dondosha juu ya sahani, acha usiku mwingine mezani ili waanze kutengeneza RNA.

 Sahani zako ziwe hivi: L4440 tupu ndiyo ya kulinganishia. mpk-1 au lin-45, ambazo ziko chini ya RAS kwenye mnyororo wa ishara, zitakuonyesha Muv ikishuka inaonekanaje. unc-22 ni ya kujua tu kama RNAi inafanya kazi: minyoo wake wanatetemeka misuli, huhitaji hata kuhesabu. Kisha jeni yako. Kila moja sahani tatu. Soma mfuatano wa DNA wa kila plasmidi kabla ya kuamini lebo yake. Maktaba za RNAi zina vichupa vyenye jeni tofauti na iliyoandikwa, na kuna watu wamekesha mwaka mzima na jeni isiyo yao.

7. Linganisha umri. Jaribio lote linasimama hapa. Kusanya huntha waliojaa mayai kwa kuwaosha na maji, ujazo ufike mililita 3.5 kwenye mrija wa mililita 15. Ongeza mililita 1 ya dawa ya kupaushia na nusu mililita ya hidroksidi ya sodiamu. Tikisa kwa nguvu, pumzika, tikisa tena, huku ukichungulia kwa hadubini kila dakika. Miili itakatika katikati kwanza, kisha itaanza kuyeyuka. Mayai yana ganda, kwa hiyo yanastahimili, lakini kwa muda tu. Nusu ya miili ikishakatika jaza M9 mara moja, hata kama bado unaona vipande. Kwa kawaida ni kati ya dakika 4 na 7. Anayengoja mpaka maji yawe safi anabaki na maganda ya mayai yaliyokufa.

 Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 1300 × g sekunde 30, mwaga maji ya juu, jaza M9, rudia mara tatu au nne. Weka mayai kwenye chombo chenye nafasi ya hewa na M9 mililita 5 hadi 10, kikitikiswa polepole usiku mzima kwenye nyuzi 20. Watatotoa, wakose chakula, wasimame wote kwenye L1. Asubuhi una jeshi la umri mmoja.

 Usiwaache hapo siku tatu kwa kuwa wikendi imefika. Wataishi, ila hawataanza kukua kwa pamoja.

8. Wagawe. Dondosha matone matatu ya mikrolita 5 kwenye kioo, hesabu lava, pata wastani, kisha weka lava 50 hadi 80 kwa kila sahani. Andika saa. Rudisha nyuzi 20.

 Kwa nini tunaanza na L1 badala ya mama zao? Kwa sababu jeni kama mpk-1 inahitajika pia kwenye seli za uzazi. Ukimzimia mama, anakuwa tasa na hupati mtoto wa kuhesabu. Ukianza na L1, unamsoma huyo huyo aliyekula.

9. Kama unapima dawa badala ya jeni, badilisha hatua ya 6 hivi. Changanya dawa kwenye NGM ya nyuzi 55 kabla ya kumimina, ukipiga hesabu kwa ujazo wote wa agari, maana dawa itasambaa hadi chini. DMSO isizidi asilimia 1, na nusu ya hapo ni bora. Sahani za kulinganishia ziwe na DMSO kiasi kile kile.

 Ngozi ya mnyoo ni ukuta. Kiwango kinachoua seli kwenye chupa huenda kisimfanye lolote, kwa hiyo panga ngazi ya viwango, kutoka mikromolari chache hadi mia kadhaa, kama dawa inayeyuka kiasi hicho. Ukiona fuwele kwenye agari, kiwango ulichoandika kwenye daftari siyo kiwango anachopata mnyoo.

 Halafu kuna bakteria. Wanakula dawa yako kabla ya mnyoo, na wakati mwingine wanaigeuza. Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba nguvu ya dawa za jamii ya 5-fluorourasili kwa mnyoo inategemea mno bakteria aliowala. Kwa hiyo rudia jaribio na bakteria waliouawa kwa joto au mionzi ya UV, na uhakikishe wamekufa kwa kuwapanda kwenye sahani tupu. Minyoo hukua polepole kwenye chakula kilichokufa, basi na kundi la kulinganishia lile chakula hicho hicho.

 Muda nao ni mtego. Zile seli sita huamua hatima yao mnyoo akiwa karibu na L3, siku ya pili tangu L1 aanze kula. Dawa inayofika L4 imekuta harusi imekwisha. Utaandika "haina athari" wakati hukuipa nafasi.

10. Hesabu. Siku ya tatu, wakiwa watu wazima wa siku ya kwanza, mpe mwenzako sahani abandike namba za siri juu ya majina. Usiruke hatua hii hata kama uko peke yako usiku: jikunjie karatasi, changanya, bandika. Jicho linaloijua sahani ya dawa huona vinundu vichache zaidi pale.

 Mnyoo wa kawaida ana vulva moja katikati ya tumbo. Muv ana hiyo pamoja na kinundu kimoja au zaidi mbele au nyuma yake, upande ule ule wa tumbo. Andika kwa kila mnyoo: ana Muv au hana, na vinundu vingapi. Vulva moja iliyovimba na kutokeza siyo Muv, iandike safu yake. Minyoo wa siku ya tatu ya utu uzima wana vulva zilizotokeza kwa uzee tu, ndiyo maana tunawahi.

 Kwenye ukoo wa let-60(n1046) si kila mnyoo ana Muv. Kiwango chake hubadilika kwa joto na hali ya chakula, kwa hiyo usichukue asilimia ya maabara nyingine na kuifanya ya kwako. Kipime mara tatu kwa L4440 tupu kabla ya kuanza chochote.

 Ukitaka kipimo kilicho kikali zaidi, tazama L4 kwa hadubini ya DIC, inayoonyesha seli za mnyoo hai bila kupaka rangi. Tandaza agarosi ya asilimia 2 kwenye kioo, weka mnyoo na tone la levamisoli alale, hesabu ni ngapi kati ya zile seli sita zimejenga. Mnyoo wa kawaida ni 3. Wako watazidi. Kipimo hiki kinaona mabadiliko ambayo vinundu vya mtu mzima vinayaficha.

11. Rudia. Minyoo 100 kwa kila kundi, mara tatu, siku tofauti, bakteria wapya, mayai mapya. Minyoo 300 wa sahani moja siyo marudio matatu, ni rudio moja lenye minyoo wengi. Onyesha kila rudio peke yake kabla ya kujumlisha, na kwa kulinganisha wenye Muv na wasio nayo kipimo cha takwimu cha Fisher kinatosha.

12. Waulize N2 pia. Kila dawa na kila RNAi uliyowapa MT2124, wape na N2. Kama minyoo wa kawaida nao wanashindwa kujenga vulva, mayai yatatotoa tumboni mwa mama na utaona mfuko wa watoto wanaotambaa ndani yake. Hapo umebana mnyororo wote, au umemsumisha mnyoo. Pia pima urefu na idadi ya waliofika utu uzima. Dawa nyingi "zinazopunguza Muv" zinachelewesha ukuaji tu: mnyoo aliyekwama L3 hana vinundu kwa sababu hana umri wa kuwa navyo.

Muv imeshuka. Sasa?

Sasa uliza imeshukia wapi kwenye mnyororo, na hapa ndipo ulipo utamu wa mnyoo. Kipokezi let-23, ndugu wa kipokezi cha binadamu EGFR, kiko juu. Kinafuata let-60, kisha lin-45, mek-2, mpk-1, na mwishoni lin-1 anayefunga breki za jeni. Ukoo wenye lin-15 iliyoharibika nao una Muv, lakini unaanzia juu na unamhitaji let-23. Ukoo wenye lin-1 iliyoharibika una Muv inayoanzia chini kabisa.

Pitisha dawa yako kwenye koo zote tatu. Ikishusha Muv ya lin-15 lakini isiguse let-60(n1046), huenda inafanya kazi juu, kwenye kipokezi. Ikishusha lin-15 na let-60 lakini ikaiacha lin-1, iko katikati, kwenye RAS yenyewe au vimeng'enya vinavyoifuata. Ikishusha zote tatu, nusu ya moyo wako ifurahi na nusu ishuku sumu. Vizuizi vya kimeng'enya kinachopachika farnesili (mkia wa mafuta) kwenye RAS vilipimwa kwa minyoo wenye RAS isiyozimika mwaka 1995, na Muv yao ikapungua. Njia hiyo ni ya zamani, haihitaji mashine ya bei mbaya, na bado inajibu swali ambalo seli za chupani hulijibu kwa shida.

Ukitaka seli zinazogawanyika ovyo kweli kweli

Basi ondoka kwenye vulva, nenda kwenye seli za uzazi, maana ndizo pekee zinazoendelea kugawanyika kwa mtu mzima. gld-1 ikikosekana, seli zilizokuwa zinaelekea kuwa mayai zinageuka, zinarudi kugawanyika na kujaza tumbo lote. Minyoo hao ni tasa, hivyo ukoo hutunzwa kwa wabebaji wenye nakala moja nzima, jambo linalomchosha anayeanza. Rahisi zaidi ni glp-1(ar202), ambapo kipokezi cha jamii ya Notch hakizimiki kwenye joto. Ukiwakuza nyuzi 15 wanazaa kawaida. Ukiwapeleka nyuzi 25 uvimbe wa seli za uzazi unajitokeza. Paka DAPI, rangi inayong'arisha DNA, hesabu viini. Kulinganisha umri kwa L1, kuficha majina kwa namba na marudio ni vile vile.

Onyo moja ambalo ni la upande huu hasa: watafiti wa uzee huwapa minyoo FUDR ili wasizae, na mapishi yake utayakuta kila mahali. FUDR ni dawa ya saratani. Ukiiweka kwenye jaribio la uvimbe umeshaweka dawa ya pili bila kuiandika.

Mambo yakienda kombo

*Ukungu umeingia.* Hamisha minyoo mbali na ukungu, waache watambae kwenye eneo safi, wahamishe tena siku hiyo hiyo. Kama ni bakteria wageni au hamira, kuhamisha hakutasaidia, maana wamo tumboni na mwilini. Rudi hatua ya 7, osha kwa dawa ya kupaushia, anza na mayai.

*Mayai hayatotoi baada ya kuoshwa.* Umechelewa kuzima dawa. Punguza dakika moja. Kama miili ilikuwa haikatiki hata baada ya dakika 8, dawa yako ya kupaushia imezeeka. Fungua mpya, usiongeze muda.

*unc-22 hawatetemeki.* RNAi yako haifanyi kazi, na matokeo mengine yote ya siku hiyo yatupe. Angalia IPTG kwanza, huharibika. Kisha angalia kama bakteria ni HT115 kweli na wala si OP50 walioruka kutoka kwenye waya.

*unc-22 wanatetemeka, mpk-1 haishushi Muv.* Tazama plasmidi. Ikiwa ni sahihi, jaribu lin-45, na uwaweke L1 kwenye sahani mara tu baada ya kutotoa. RNAi haifuti jeni, inapunguza tu, kwa hiyo mshuko wa nusu ni matokeo halali.

*Minyoo wa sahani moja wana umri mchanganyiko.* Ulikusanya mama wazee ambao mayai yalikuwa tayari yametotoa tumboni, au L1 walikaa siku nyingi bila chakula. Chagua mama wa siku ya kwanza ya kutaga.

*Wanakimbia chakula na kukaa kingoni.* Dawa ni kali au ina harufu wanayoichukia. Asiyekula hapati dawa wala RNA. Shusha kiwango.

*Muv ya MT2124 inashuka kila mwezi hata bila dawa.* Ukoo umebadilika. Ukihamisha minyoo kwa miezi mingi, mabadiliko mapya ya jeni yanayompunguzia mzigo yanajitokeza, na wewe bila kujua unachagua wanaotaga vizuri zaidi, ambao ndio wenye Muv ndogo. Usijaribu kuuokoa kwa kuchagua wenye vinundu vingi. Tupa sahani zote, nenda kwenye friza, yeyusha chupa ya hatua ya 5.